Bi Rhoda Mathias na Kaburi la Mzee Faraji

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Rhoda Mathias atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi, yote katika mabaraza ya kata ya wilaya hii ya Handeni, na sehemu kubwa akiwa Katibu wa Baraza la Kata ya Kwamngaza. Siku hiyo atakabidhi mhuri na funguo za kabati, kisha atapanda basi la Korogwe, na safari hii hatarudi Jumatatu.

Alizaliwa huko huko Korogwe, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Babu yake aliletwa kwa mkataba, manamba kama walivyoitwa vibarua wa enzi hizo, na alifariki bila kuwaambia watoto wake alitokea wapi. Bi Rhoda hupenda kusema kwamba kambini kwao kulikuwa na makabila yasiyohesabika lakini kisima kilikuwa kimoja, hivyo alijifunza usuluhishi kabla hajajua kusoma.

Aliajiriwa akiwa karani mpiga chapa. Wenye umri mkubwa wanamkumbuka akija kazini kwa baiskeli ya kiume, gauni amelikunja na kulibana kwa pini. Alipopandishwa kuwa katibu, jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa viti vya wadaawa na kuweka benchi moja. Mlalamikaji na mlalamikiwa walikaa hapo pamoja, bega kwa bega, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno kabla hawajasalimiana. Wapo waliokaa saa nzima wakitazama ukuta. Wapo pia waliosalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakasahau nusu ya ugomvi.

Mapema katika kazi yake aliletewa shauri la jogoo aliyegombewa na majirani wawili, kila mmoja akiapa kuwa ni wake. Bi Rhoda aliamuru jogoo afunguliwe jioni, baraza lifuate nyuma lione atakwenda kulala wapi. Jogoo alizunguka uwanja, akawapita wote wawili, akaenda kulala kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alihitaji muda mrefu kujieleza.

Kamati ya sherehe ya kumuaga iliniomba mimi, karani wake, niandike mambo mepesi ya namna hiyo, na ningefurahi kuishia hapo. Lakini wasifu wa Bi Rhoda usiotaja shauri la Kwa Faraji utakuwa wasifu wa mtu mwingine. Naliandika kwa uangalifu, kwa kuwa waliohusika watakuwa wamekaa ukumbini haya yakisomwa, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayebaki ofisini. Wote nimewaomba ruhusa na wamenipa, isipokuwa mmoja ambaye hakunijibu. Yeye nimemnukuu kwa yale tu aliyoyasema mbele ya watu.

Kwa Faraji ni kitongoji chenye nyumba zipatazo arobaini, kando ya barabara ya Segera hadi Chalinze, kati ya Mkata na Kabuku. Kina jina la mtu aliyekifungua. Mzee Faraji alifika hapo enzi za Mjerumani, akafyeka pori, akajenga, akazaa, akafa wakati wa Mwingereza. Kaburi lake liko katikati ya mihogo ya kitukuu chake, Bi Husna, mjane anayeuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyeuliza mzee huyo alitokea wapi.

Mwaka jana alikuja mtu kutoka mjini akitafuta eneo la kujenga kituo cha mafuta na maegesho ya malori. Ghafla swali la alikotoka Faraji likawa swali la kila mtu.

Mzee Mbwana, mkuu wa ukoo wa Kizigua wenye mashamba yanayozunguka kitongoji hicho, alileta malalamiko barazani akiwa na mpwa wake Sabiri. Dai lao lilikuwa fupi. Faraji alikuwa mtumwa wa babu yake Mzee Mbwana. Alipewa sehemu ya kulima kwa niaba ya bwana wake, na mtumwa halimi chake. Kwa hiyo wote walio Kwa Faraji wamekaa kwa hisani tu, na hisani imekwisha. Walitakiwa kuondoka kabla ya mvua za vuli.

Bi Husna aliwasemea wenzake. Alishika msahafu akaapa kwamba babu yake mkuu alikuwa Mzigua wa Kwamsisi, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, wala hakuwa mtumwa wa mtu. Ndivyo kila mtoto wa Kwa Faraji alivyofundishwa.

"Huyu binti namheshimu," Mzee Mbwana alisema pale kwenye benchi, bila kumtazama. "Lakini umkaribishe mgeni alale barazani kwako, asubuhi aamke anadai nyumba ni yake. Utafanyaje?"

"Tumelala miaka yote hiyo, mzee," Bi Husna alijibu, "ndiyo kwanza mnaamka leo?"

Watu walicheka. Sabiri hakucheka.

Wiki iliyofuata nyumba za Kwa Faraji ziliamka zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kama zile za nyumba zinazosubiri kubomolewa. Ya Bi Husna ilichorwa kwenye mlango. Sehemu ya mihogo yake ilikuwa imeng'olewa na kuachwa juani. Bodaboda mbili zikaanza kuegeshwa mbele ya ofisi yetu tangu tunapofungua hadi tunapofunga, na vijana waliokaa juu yake hawakuchukua abiria hata mmoja. Siku moja mmoja wao aliniita kwa jina, akaniuliza kwa upole kama bado nimepanga ile nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimjibu ndiyo.

Kisha malalamiko yakapelekwa wilayani. Yalisema Katibu wa Baraza ni mjukuu wa manamba, hivyo anawabeba watu wa kuja wenzake. Kila mtumishi anajua maana ya kulalamikiwa wakati faili lako la kustaafu liko njiani. Niliona ni busara kumshauri. Kazi ya baraza letu ni kusuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana, shauri hupanda kwenye baraza la juu lililopo Korogwe. Nilimwambia tuandike kwamba umeshindikana. Hakuna ambaye angetulaumu.

Bi Rhoda alivua miwani yake.

"Likipanda Korogwe, Husna atapanda na nini?" aliuliza. "Nauli ya kwenda na kurudi, leo njoo, kesho limeahirishwa. Huku nyuma zile rangi mlangoni zitamsubiri?"

"Lakini mama, wewe unastaafu."

"Ndiyo. Sijastaafu bado."

Tulianza na Kwamsisi. Bi Husna alikuja nasi, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba akionana na ndugu wa babu yake mambo yatakwisha. Wazee wa huko walitupokea vizuri, wakatupa viti, wakasikiliza jina la ukoo alioutaja kwenye kiapo. Wakatazamana.

"Ukoo huo upo," alisema mmoja wao. "Ndio sisi hawa. Lakini Faraji hatuna, wala hatujawahi kupotelewa na mtu. Tungekuwa na ndugu mwenye eneo kwenye lami, mwanangu, si tungekuwa tumeshahamia kwake?"

Alisema kwa utani, na wenzake wakacheka. Bi Husna alishukuru kwa adabu. Nami nilielewa tulichokifanya. Tulikuwa tumekwenda kumtafutia shahidi, tumerudi na ushahidi dhidi yake. Nilimuuliza Bi Rhoda kama ni lazima niandike yaliyosemwa Kwamsisi. Akasema kama yangemfaa Husna ningeyaandika, basi niyaandike.

Bi Rhoda akakisia kwamba mtu anayetaja ukoo usiomjua huenda alikimbia mkataba wa mkonge, basi tukaenda Korogwe. Huko kuna Mzee Bonaventura, ambaye baba yake alikuwa mnyapara kwenye mkonge na ambaye anakumbuka hadithi za kambi na reli ya shambani kuliko anavyokumbuka alikoweka fimbo yake. Alipomwona Bi Rhoda alimuuliza kwa nini hajazeeka, kama ameiba miaka ya watu. Nilipotaja jina la Faraji alitikisa kichwa.

"Faraji? Mimi nimesikia habari za akina Faraji wanne, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina hilo na mama yake. Ukikimbia mkataba walikuwa wanakutafuta, wanakufunga. Basi unaingia porini huko Handeni, unabadili jina, unabadili dini, na ukiulizwa kwenu wapi unataja kijiji cha jirani."

"Kama Kwamsisi," alisema Bi Rhoda.

"Kama popote. Mtu aliyekimbia mkonge hasemi alikotoka. Hata mkewe hamwambii."

Hatukupata zaidi ya hapo. Siku ya kikao cha mwisho ilikuwa Jumamosi, na kama baraza lingekaa bila jipya, Mzee Mbwana alikuwa na wazee wake wa kushuhudia, wakati Bi Husna alikuwa na kiapo kilichokanushwa na wale wale aliowataja. Ndani ya basi Bi Rhoda alikaa dirishani, akitazama mistari ya mkonge ikipita. Tulipovuka Segera ndipo aliposema.

"Tumehangaika na alikotoka, na yeye alitumia maisha yake yote kulificha hilo. Huko hatutampata. Twende tukaulize waliomzika."

Alinieleza kwamba kambini kwao, mtu asiyejulikana kabila akifa, hawakuhangaika kuulizana. Walingoja kuona watani gani watakuja, watu wa makabila ambayo kwa mila hutaniana na lake na kuwadai wafiwa zawadi kwa mizaha. Mtu anaweza kuficha kwao, lakini watu waliokuwa wakitaniana naye kila siku hawawezi kukubali azikwe kimya kimya. Nilimuuliza itakuwaje ikiwa majibu yatammaliza kabisa Bi Husna. Alisema hata yeye anaogopa hilo.

Jumamosi baraza lilihamia shambani, likiongozwa na mwenyekiti wetu, Mzee Mustafa. Watu walisimama kuzunguka kaburi, upande huu wa Kwa Faraji, upande ule wa Mzee Mbwana, katikati mawe ya kaburi na minyaa michache. Bodaboda zilikuwa nyingi kuliko siku zote, zimepangwa kando ya shamba, vijana wamekaa juu yake wakiwa wameshika usukani. Baadhi walikuwa na mapanga, na kusema kweli shambani kila mtu ana panga, lakini siku hiyo hapakuwa na mtu aliyekuwa analima.

Sabiri alikuwa amemleta shahidi wake kwa bajaji. Alikuwa Bibi Mwanaidi, shangazi yake Mzee Mbwana, binti wa yule babu aliyedaiwa kuwa bwana wa Faraji. Amekwishapita miaka themanini na kitu, macho yake mazima, na mdomo wake mzima zaidi. Aliwekewa kiti cha plastiki. Alitakiwa kuonyesha mpaka wa shamba la baba yake, basi.

Bi Rhoda alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Kazi, bibi. Naomba utuambie, siku anazikwa mzee huyu, ulikuwepo?"

"Nilikuwa mtoto. Watoto wa kike tulisimama kule, hatusogei. Lakini nani asingeona? Baba alitutia aibu siku ile."

"Bibi," Sabiri aliingilia, "umeulizwa kama ulikuwepo tu. Sema ndiyo."

"Wewe nyamaza. Umenitoa kitandani nije niseme, nikisema unasema nisiseme."

Kukawa na kicheko kidogo. Bibi Mwanaidi akakaa sawasawa, na mtu yeyote angeona kwamba hadithi aliyokuwa anaianza ameisimulia mara nyingi na anaipenda.

"Kaburi limekwisha chimbwa. Maiti imekwisha swaliwa, imeletwa. Baba huyo, akaruka ndani. Akalala kwenye mwanandani, mikono kifuani, akasema, 'Haingii mtu. Nyumba hii nimepanga mimi.' Mwalimu wa msikiti akakasirika, akasema toka, hii ni haramu. Baba akasema, 'Mnyamwezi huyu kanisumbua akiwa hai, leo anataka udongo wetu bure? Leteni mbuzi.' Wakaleta kuku. Akasema, 'Huyo mpeni mwalimu, anyamaze.'"

Sasa walikuwa wanacheka pande zote mbili, hata wale vijana wa bodaboda.

"Ikabidi mtoto mkubwa wa marehemu aende zizini, alete mbuzi. Baba akataka aonyeshwe kwanza, yeye akiwa amelala mle chini. Akasema, 'Kakonda huyu, lakini hata mwenyewe alikuwa kakonda.' Ndiyo akatoka. Udongo mpaka masikioni, anacheka. Halafu wakamteremsha Faraji, na baba akakaa pale chini, pale pale aliposimama karani, akalia kama mtoto mdogo. Tukamwogopa. Hatujawahi kumwona analia."

Kicheko kikaisha. Nilimtazama Mzee Mbwana. Yeye hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa ameshafika kule ambako sisi wengine tulikuwa bado tunakwenda.

"Bibi," Bi Rhoda aliuliza, "yule mbuzi alitoka zizi la nani?"

"La Faraji. La nani tena?"

"Baba yako asingeweza kumchukua tu? Mpaka alale kaburini?"

"Amchukueje? Mali ya mtu?"

"Nasikia Faraji alikuwa mtumwa wake."

Bibi Mwanaidi alimtazama kana kwamba ametukanwa.

"Mtumwa wa baba? Nani kasema? Mtumwa wako akifa, mbuzi si wako tayari? Utalala kaburini umdai nani? Baba alikuwa mtu wa mizaha, hakuwa mwendawazimu."

Hapo Sabiri alivuka mawe ya kaburi. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaweka kidole kwenye karatasi niliyokuwa naandikia.

"Hilo usiliandike. Bibi ni mzee, anachanganya mambo."

Kalamu yangu ilisimama. Nyuma yake injini mbili za pikipiki ziliwashwa, moja baada ya nyingine.

"Andika, mwanangu," alisema Bi Rhoda. Hakupandisha sauti wala hakusimama, alikuwa bado amechuchumaa mbele ya bibi. "Na alilosema Sabiri sasa hivi, liandike pia."

Niliandika. Mwandiko wa ukurasa ule hausomeki vizuri, lakini upo.

Sabiri aliondoa kidole, akageukia upande wa pili. "Sawa. Na huyu je?" alimwonyesha Bi Husna. "Kashika msahafu mbele yenu kwamba babu yake ni Mzigua wa Kwamsisi. Mzigua gani anayeitwa Mnyamwezi kaburini? Mzigua na Mzigua mwenziwe wanadaiana mbuzi wa utani? Kaapa uongo. Kama ni kuandika, andikeni na hilo."

Alikuwa amesema kweli, na kila mtu alijua. Bi Husna alitazama mawe ya kaburi.

"Nilisema nilichoambiwa na mama," alisema. "Naye aliambiwa na mama yake. Tulipokuwa shule walikuwa wanatuita watu wa kuja. Mama akasema, ukiulizwa, sema Kwamsisi." Akamgeukia Bibi Mwanaidi. "Bibi, kwani alikuwa Mnyamwezi kweli?"

"Tulimwita hivyo," bibi alijibu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Lakini siku zile, mwanangu, kila aliyetoka bara tulimwita Mnyamwezi. Kwao hasa alikujua mwenyewe."

Mzee Mustafa alimuuliza Mzee Mbwana kama ana neno. Bi Rhoda akaongeza kwamba baraza halina swali kwake, ni nafasi tu anapewa. Mzee Mbwana aliinuka polepole. Sabiri alianza kusema kitu, akaambiwa akae chini, na akakaa. Mzee akaanza kutembea kuelekea kwa Bi Husna, fimbo mkononi. Watu wa Kwa Faraji walisogea mbele. Nilimwona kijana mmoja wa upande wao akihamisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Mzee akasimama hatua chache mbele ya yule mjane.

"Wewe Mnyamwezi," alisema. "Babu yako alitupa mbuzi mkondefu. Mpaka leo meno yanatuuma."

Kwa mtu asiye wa huku, hayo ni matusi mbele ya kaburi. Sisi tulijua ni nini. Alikuwa amemfungulia mlango, na kuingia au kutoingia kulikuwa juu yake. Mtani akitaniwa hujibu. Kama Bi Husna angejibu, angekuwa amekubali mbele ya wote kwamba kiapo chake hakikuwa sahihi, kwamba si wa Kwamsisi, kwamba yeye na watoto wake ni wa mtu ambaye hawatajua alitokea wapi. Kama angenyamaza, Mzee Mbwana asingekuwa na la kufanya ila kurudi upande wake wa kaburi, na sote tungerudi kwenye zile rangi nyekundu.

Bi Rhoda hakumpa ishara yoyote. Nilimtazama makusudi, nikitumaini atampa.

Bi Husna alijifunga kanga yake upya kiunoni. Alichukua muda mrefu kufunga fundo.

"Mkondefu," alisema hatimaye, "lakini mlimla mpaka ngozi. Nyie Wazigua mngebakiza hata kwato, leo ningejua alikuwa mbuzi wa rangi gani."

Mzee Mbwana alianza kucheka kabla Bi Husna hajamaliza. Alicheka mpaka akashika goti. Bibi Mwanaidi kwenye kiti chake akapiga makofi, akasema, "Haya, sasa hao ndio watu wa Faraji." Pikipiki zikazimwa, mojamoja. Ile ya Sabiri haikuzimwa. Aliipanda, akaondoka.

Makubaliano yaliandikwa pale pale, karatasi ikiwa juu ya goti langu. Yanasema kwamba eneo la Kwa Faraji ni la uzao wa Mzee Faraji, mtani wa ukoo wa Mzee Mbwana. Nilipouliza niandike kabila gani, Bi Rhoda alisema baraza halikuthibitisha kabila, hivyo lisiandike. "Andika alikuwa mtu kutoka bara. Hilo tunalo." Mzee Mbwana alitia dole gumba, Bi Husna akatia saini. Malalamiko ya wilayani yalikosa mtu wa kuyafuatilia. Aliyetaka kujenga kituo cha mafuta alipata eneo mahali pengine. Rangi bado zinaonekana kwenye baadhi ya kuta, kwa kuwa chokaa haifichi nyekundu vizuri, lakini Bi Husna amebadili mlango.

Walipokuwa wanaagana siku ile, Bi Husna alimuuliza Bi Rhoda, kwa namna ya mtu anayeuliza habari zake mwenyewe, kama yeye alishawahi kujua babu yake alitokea wapi. Bi Rhoda alisema hapana. Alisema zamani jambo hilo lilimkosesha raha. Siku hizi akiulizwa kwao ni wapi, anasema Korogwe, na hajapata mtu wa kumbishia.

Bi Rhoda, kwa niaba ya watumishi wote wa kata, asante kwa miaka yako. Asante kwa kutuacha tuone kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akamaliza kikao. Shauri jingine lilifunguliwa Jumatatu iliyopita, nami nimeandika kwenye jalada lake jina langu mahali lilipokuwa lako. Uende ukapumzike Korogwe. Uamke saa unayotaka, upande maua badala ya mahindi, usigongewe mlango na mtu mwenye mgogoro. Na Mungu akupe jirani mzuri, ambaye hatakuonea haya kwa sababu ulikuwa katibu, ambaye asubuhi akikukuta uani atakutania kwanza, ndipo akusalimie.